Kengele ya Baraza la Kina

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, Jumanne ya kwanza baada ya mvua za vuli, kengele ililia katika Ukumbi wa Kina. Waliokuwamo waligeuka kwa pamoja, kwa sababu wengi wao hawakuwahi kuisikia. Katibu wa kikao, mtu aliyeanza kazi hapo akiwa hana mvi hata moja, alidhani ni simu, akainuka kwenda kuipokea.

Haikuwa simu. Ilikuwa kengele ndogo ya shaba iliyowekwa mezani mbele ya Msikilizaji wa Taifa, naye alikuwa ameigonga kwa sababu alikuwa ameelewa.

Kwa faida ya wasomaji wa nchi nyingine, ambako bila shaka mambo haya hufanywa vizuri zaidi, inafaa nieleze utaratibu wetu. Katika jamhuri yetu tasnifu haipimwi kwa ukweli. Waasisi wa Baraza la Kina waliona mapema kwamba ukweli ni kitu cha gharama: unataka vipimo, safari, na mtu wa kwenda kutazama. Kina hupimika kwa kiti kimoja. Mwananchi mwenye akili timamu, aliyemaliza shule ya msingi na kupimwa masikio na daktari wa serikali, anakalishwa mbele ya ukumbi na kusomewa utafiti. Akitoka kama alivyoingia, utafiti una kina. Akielewa sentensi, sheria inamtaka agonge kengele. Kengele ikilia mara tatu, tasnifu hurudishwa kwa mwandishi ikiwa na maneno haya juu ya jalada: kina cha kifundo cha mguu.

Msikilizaji wa wakati huo aliitwa Mzee Makame Dadi, mshona viatu mstaafu. Alikuwa amekikalia kiti hicho miaka mingi bila kuigusa kengele hata kwa bahati mbaya, na Rais alikuwa amemvisha nishani kwa sababu hiyo. Asubuhi hiyo aligonga kwenye sentensi ya kwanza, iliyosema: "Maji ya kisima cha Ukwajuni yana madini ya risasi." Akagonga kwenye ya pili: "Watoto wanaoyanywa wanaumwa matumbo na wanachelewa kuelewa masomo." Akagonga kwenye ya tatu: "Kisima kifungwe na watu wavutiwe maji ya bomba." Mwandishi akaketi, kwa kuwa alikuwa amemaliza muhtasari wake. Kumbukumbu za kikao zinaonyesha kwamba chai ilikuwa bado haijaletwa.

Mwandishi huyo alikuwa Sikitu Malembeka, mwanafunzi wa uzamivu. Alikuwa ameishi Ukwajuni muda wa kutosha kupima maji ya kisima katika kiangazi na masika, na damu ya watoto wa madarasa yote ya shule ya mtaa huo. Zamani pale palikuwa na kiwanda cha betri. Kilipofungwa, serikali ilichimba kisima ndani ya uwanja wake, ikizingatia kwamba uwanja ulikuwa na uzio tayari na hivyo fedha za uzio zingeokolewa.

Mwenyekiti wa Baraza, Profesa Theonesti Mbagule, alimgeukia. Alikuwa mtu mrefu aliyevaa kola ngumu, na kola hiyo ilikuwa na kazi. Kwetu msomi hatikisi kichwa mwenzake anapozungumza. Kutikisa kichwa ni kuonyesha kwamba umeelewa, na kuelewa haraka ni dalili kwamba kilichosemwa hakikuwa na uzito, au wewe huna. Profesa mmoja aliyetikisa kichwa kwenye kongamano alihamishiwa shule ya chekechea ambako, kwa taarifa zilizopo, anaelewa na anaeleweka. Mbagule mwenyewe aliwahi kuambiwa na mhudumu wa mgahawa wa chuo kwamba uji ni wa moto sana. Aliunywa. Ulimi wake uliungua, cheo chake hakikuungua, na mwaka uliofuata akawa Mwenyekiti.

"Binti," alisema, "umefanya utafiti au umeleta habari?"

Sikitu alijibu kwamba amefanya utafiti, na kwamba takwimu zote ziko kwenye viambatisho.

"Hakuna aliyesema ni uongo. Ukweli si kosa hapa. Lakini mshona viatu ameumaliza kabla ya chai. Sasa sisi tuliosoma tubaki na kazi gani?"

Ukumbi haukucheka, kwa sababu kucheka nako ni kuelewa.

*

Nje ya ukumbi Mzee Makame alimsubiri Sikitu karibu na mlango, kofia mkononi.

"Nisamehe, mwanangu. Mkono umekwenda wenyewe."

"Hukukosea, mzee. Umeelewa tu."

"Ndiyo kosa lenyewe hilo." Akaivaa kofia, akaivua tena. "Na hao watoto, sasa?"

Sikitu alimwambia atarekebisha tasnifu. Mzee Makame alisema hakuuliza habari ya tasnifu.

Huenda msomaji akajiuliza kwa nini Sikitu hakwenda tu Ukwajuni kuwaambia watu waache kunywa. Alikwenda. Aliwakuta wanawake wamepanga madumu kisimani, na aliyemjibu kwa niaba ya wote alikuwa Bi Tatu Ngwali, mwenye wajukuu watatu katika shule ile na ulimi ambao hata mwenyekiti wa mtaa aliupisha njia.

"Tunajua ni mabaya," alisema Bi Tatu. "Chai yake tu ukiinywa unahisi umelamba kitasa. Tuambie tunywe nini."

Hapakuwa na kingine. Bomba la karibu lilikuwa ng'ambo ya mji, na ni Wizara ya Maji peke yake yenye uwezo wa kulisogeza. Wizara nayo, kwa mujibu wa sheria, ilikuwa hairuhusiwi kusoma karatasi yoyote kuhusu maji isiyo na muhuri wa Baraza la Kina. Ila karatasi yenye muhuri ilikuwa lazima itekelezwe, tena yote. Sikitu aliwaeleza wanawake hayo.

"Basi lete huo muhuri," alisema Bi Tatu. "Kila mwaka mnakuja na kalamu. Mnatuuliza tuna watoto wangapi, tunalala saa ngapi, choo kiko wapi. Mimi choo changu kinajulikana chuo kizima."

Wanawake wakaangua kicheko. Sikitu alisubiri kicheko kiishe, kisha akasema, "Nitauleta." Kisha Bi Tatu akajaza dumu lake, kwa kuwa zamu yake ilikuwa imefika na wajukuu walikuwa na kiu.

*

Msimamizi wa Sikitu, Profesa Gervas Lugendo, hakuwa mtu mbaya. Alimpokea ofisini, akafunga mlango, akaifungua tasnifu ile nyembamba na kuanza na ukurasa wa kwanza.

"Nani anakunywa haya maji?"

"Watoto, Profesa."

"Watoe. Weka 'unywekaji'."

Sikitu aliandika.

"Na kisima kimechimbwa na nani?"

"Serikali."

"Hiyo ungeitoa kabla ya watoto."

Walifanya kazi hiyo miezi kadhaa. Lugendo alimfundisha kwamba sentensi iliyo salama haina mtu ndani yake, kwa kuwa mtu akiwamo, msomaji ataanza kumwonea huruma au kumtafuta. Alimfundisha kuanza kila aya kwa kukanusha kitu ambacho hakuna aliyekidai. Alimwonyesha namna ya kuweka nukta mbali, pale ambapo msomaji ameshasahau kiima. Sura ya mapitio, iliyokuwa na kurasa chache, ilinenepa mpaka ikabidi igawanywe katika majuzuu mawili, la pili likiwa mapitio ya la kwanza. Neno "sumu" liliondolewa kwa kuwa lilikuwa na silabi mbili tu. Mahali pake pakawekwa "ukinzani wa kimadini wenye mwelekeo usio rafiki". Baadaye "usio rafiki" nayo ikaondolewa, kwa sababu mtoto wa dada yake Lugendo, aliyepita ofisini kuomba nauli, aliisoma akauliza nani kagombana.

Hitimisho lililokuwa na maneno machache likawa hivi:

"Kwa kuzingatia mwingiliano-tegemezi baina ya uwepo-hai wa kijamii na chanzo-maji cha kienyeji, na pasipo kupuuza ukinzani wa kimadini unaojidhihirisha katika uhusishwaji wake, yaweza kutopingwa kwamba upekee wa kisima husika, kama uhalisia unaojirejelea, hauwezi kutotambuliwa wala kutochukuliwa hatua stahiki."

Ilipofika sura ya tano, Sikitu alipotea ndani ya tasnifu yake mwenyewe na ilibidi amuulize msimamizi ni kitu gani hasa alichogundua. Lugendo alisoma ukurasa mara mbili, akamwambia hajui, kisha akampa mkono wa pongezi.

Katika kipindi hicho mwalimu mkuu wa Ukwajuni alimwandikia Sikitu kwamba darasa la tatu limerudia mwaka, karibu lote. Sikitu aliliingiza jambo hilo katika tanbihi. Lugendo alilipitia, likawa "ujirudiaji wa kitaaluma", na hakuna aliyelitambua tena.

*

Usomaji wa pili ulifanyika katika ukumbi uleule. Mzee Makame alikuja amenyoa ndevu, akaisogeza kengele mbali kidogo na mkono wake, na kuketi kama mtu aliyeapa jambo. Sikitu alisoma. Kufikia aya ya pili kidevu cha Mzee Makame kilikuwa kifuani. Kufikia ya tatu alikuwa anakoroma.

Baraza lilijadili hali hiyo kwa makini, kwa kuwa kanuni zilikuwa hazijaitaja. Mwishowe Profesa Mbagule alitoa uamuzi ambao tangu hapo umekuwa sehemu ya sheria zetu: kutoelewa ni kina, lakini kulala ni kina kilichofika chini. Tasnifu ilipewa muhuri wa daraja la kwanza. Mwenyekiti alimvisha Sikitu joho, akamsomea Kifungu cha Ukimya, ambacho kila daktari mpya husomewa: mwandishi hataeleza alichoandika, kwa mdomo wala kwa ishara; akieleza, shahada na muhuri hufutika, na tasnifu itahesabiwa haikuandikwa.

Mlangoni Mzee Makame alikuwa akisubiri tena.

"Leo sikuelewa hata chembe," alisema kwa fahari. "Nimejitahidi, mwanangu."

"Asante, mzee."

"Kwa hiyo kitafungwa?"

"Kitafungwa," alisema Sikitu.

*

Tasnifu ilifika Wizara ya Maji ikiwa katika toroli. Wakurugenzi waliketi kuizunguka. Hakuna aliyeuliza inasema nini, kwa kuwa wote walikuwa na shahada. Mmoja alisema ni kazi nzito. Mwingine akasema ni nzito kweli, na ili jambo hilo liingie kwenye kumbukumbu, ikaletwa mizani kutoka stoo. Baada ya kupima, walianza kutafuta maneno wanayoyafahamu. Katika hitimisho walipata "kisima", "upekee" na "hatua". Katibu Mkuu, ambaye hakuwa mtu wa kukurupuka, alitaka maneno hayo yathibitishwe na mkurugenzi mwingine. Yakathibitishwa.

Hivyo ikaamuliwa kwamba kisima cha Ukwajuni, kwa upekee wake uliotambuliwa na sayansi, kichukuliwe hatua: maji yake yatiwe kwenye chupa na kuuzwa nchi nzima kwa jina la Maji ya Kina. Sentensi ya hitimisho ingezungushwa kwenye lebo kwa herufi ndogo. Shule za msingi zote zingepewa chupa hizo bure. Na kwa kuwa mtaa wenye kisima cha namna hiyo hauwezi tena kuhesabiwa una shida ya maji, bomba la Ukwajuni, lililokuwa limesubiri foleni ya bajeti tangu awamu iliyopita, liliondolewa kwenye foleni.

Sikitu alipata kadi ya mwaliko yenye maandishi ya dhahabu. Alikuwa mgeni wa heshima. Alikwenda nayo moja kwa moja ofisini kwa Lugendo, akaiweka mezani. Lugendo aliisoma, akaigeuza, akasoma na nyuma ambako hapakuwa na kitu.

Alisema kwamba Wizara imekosea, lakini imekosea kwa kufuata taratibu zote, na kosa la namna hiyo halina mtu wa kulirekebisha. Sikitu alimuuliza ni nini kitatokea akisimama pale na kusema tasnifu inasema nini.

"Utavuliwa shahada."

"Na muhuri?"

Lugendo alikwenda dirishani, akampa mgongo. "Muhuri nao unafutika. Muhuri ukifutika, kiwanda cha Maji ya Kina hakina msingi wa kisheria, hata chupa moja haiwezi kutoka." Akaongeza, akiwa bado dirishani: "Sikukwambia hivyo. Na kama nimekwambia, niliongea vibaya, hukunielewa."

Sikitu alichukua kadi yake. Kumbukumbu hazionyeshi kama alitikisa kichwa.

*

Siku ya uzinduzi Ukwajuni ilipambwa kwa mahema na vitambaa vya rangi za taifa. Boza la maji safi lilitoka mji mkuu alfajiri kuja kumwagia barabara, ili vumbi lisiwachafulie wageni majoho. Wajumbe wa Baraza la Kina walikaa mstari wa mbele, kola zao zimenyooka. Mzee Makame alikuwa ameletwa na kiti chake na kengele yake, kwa sababu hitimisho lingesomwa hadharani na sheria ni sheria. Wananchi walisimama nyuma ya kamba. Kila mtu, wa mbele na wa nyuma, alipewa glasi ya Maji ya Kina, ili taifa linywe kwa pamoja.

Waziri alizungumza kwa muda mrefu. Alisema nchi nyingine zina mafuta, nyingine zina dhahabu, na sisi tuna kina. Alisema zamani maji yalikuwa yananywewa tu bila fikra yoyote nyuma yake, na kwamba enzi hiyo imefungwa rasmi leo. Alipigiwa makofi na wale waliokuwa wamepangiwa kupiga. Kisha akamkaribisha Daktari Sikitu Malembeka asome maneno yaliyo kwenye lebo, na baada ya hapo wote wangeinua glasi.

Sikitu alichukua chupa, akaisogeza karibu na macho. Alisoma "kwa kuzingatia mwingiliano-tegemezi", akafika kwenye mkato wa kwanza, akasimama. Nyuma ya kamba, wajukuu wa Bi Tatu walikuwa wameshika glasi zao kwa mikono miwili, kama walivyoelekezwa. Sikitu akaiweka chupa mezani.

"Maji haya yana sumu," alisema kwenye kipaza sauti. "Yanawaharibia watoto akili. Msinywe. Ndivyo nilivyoandika mara ya kwanza."

Mzee Makame akagonga kengele mara tatu, na kila mlio ulisikika hadi nyuma ya kamba. Alikuwa anatabasamu, jambo ambalo kanuni haziruhusu wala hazikatazi.

Profesa Mbagule alisimama papo hapo, akatoa karatasi kwenye mfuko wa joho na kutangaza kwamba Bi Malembeka si daktari tena, kwamba muhuri umefutika, na kwamba tasnifu iliyokuwa msingi wa uzinduzi huo haikuandikwa. Alisoma vizuri, bila kukosea. Mpiga picha wa serikali alimwomba Sikitu avue joho kwanza ndipo apige, akalivua.

Bi Tatu aliwanyang'anya wajukuu glasi, akazimwaga chini pamoja na yake. Waliokuwa karibu naye wakamwaga. Ukasikika mlio wa maji mengi yakianguka kwenye udongo mkavu.

"Haya, mwanachuo," Bi Tatu alisema kwa sauti ya kusikika hadi mbele. "Umekuja bila muhuri, na leo ndiyo tumekusikia." Akachukua dumu lake, akapita chini ya kamba na kwenda kwenye boza. Dereva, ambaye hakuwa amepewa maelekezo yoyote kuhusu wananchi, alifungua koki. Foleni ikaanza kujipanga.

Mbele, hali ilikuwa ngumu zaidi. Glasi za Baraza zilikuwa bado mikononi, na kila mjumbe alijua kwamba anatazamwa. Sentensi iliyosemwa ilikuwa nyepesi. Kuweka glasi chini ni kukiri kwamba imekuingia. Waziri, aliyepewa shahada ya heshima mwaka uliotangulia, aliiacha yake ikielea karibu na mdomo na kumtazama Mwenyekiti ili ajue mtu aliyesoma hufanya nini mahali kama hapo.

Profesa Lugendo aliweka glasi yake mezani, taratibu, akaondoa mkono. Wajumbe wawili waliokuwa karibu naye walisogeza viti vyao mbali kidogo.

Saa sita na dakika ishirini mchana, Profesa Mbagule, shingo ikiwa imenyooka, aliinua glasi yake, akanywa yote, na kuinyoosha kwa mhudumu ijazwe tena.